Tiba ya Mwanga na Utunzaji wa Ngozi ya Uso: Mwongozo Kamili kwa Sisi wa Tanga

Barakoa za mwanga, yaani vifuniko vya uso vyenye taa ndogo ndani, zimeingia Tanga. Zipo kwenye baadhi ya saluni mjini, zinatangazwa kwenye simu kwa picha za nyuso zisizo na hata doa moja, na kuna vijana wanaoziagiza China kwa mafungu na kukuletea mpaka mlangoni. Kazi yangu mimi ni nyuso za watu, na swali ninalokutana nalo siku hizi ni moja: "Dada, ninunue?"

Jibu langu ni hili. Nunua mwisho, mengine yote yakishakaa sawa, na ukinunua chagua mwanga mwekundu. Ngozi nyeusi ina tabia yake mbele ya mwanga, na maelezo mengi yanayokuja na barakoa hizi yameandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Anayeyafuata bila kujua tofauti hiyo anaweza kulipa pesa yake mwenyewe ili ajitie madoa. Nitaanza na mwanga wenyewe, ujue unachotaka kununua, kisha tutakwenda hatua kwa hatua.

Mwanga unafanya nini kwenye ngozi

Kutibu ngozi kwa mwanga si jambo la jana. Mwaka 1903 daktari Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa miale mikali ya mwanga. Taa zake zilikuwa za aina nyingine, lakini yeye ndiye aliyewafanya madaktari waichukulie kazi hii kwa uzito. Mwaka 1967, huko Hungaria, daktari Endre Mester aliwanyoa panya mgongoni, akawamulika kwa leza nyekundu yenye nguvu ndogo, na manyoya yakaota upesi kuliko kwa panya ambao hawakumulikwa. Taa za LED zilikuja baadaye, zikawa rahisi na salama zaidi kuliko leza, na ndizo zilizokitoa kifaa hospitalini kikaingia chumbani kwako.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa nanomita. Mwanga mwekundu unaotumika kwenye ngozi uko kati ya nanomita 630 na 660. Unapenya milimita chache ndani, na huko sehemu za seli zinazotengeneza nguvu, yaani mitokondria, huunyonya. Seli ikipata nguvu hiyo, uvimbe na wekundu hupungua, na seli zinazotengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, huchangamka. Mwanga wa infraredi, hasa wa nanomita 830, hauonekani kwa macho na unakwenda ndani zaidi. Mwanga wa bluu, nanomita 415 hivi, hauendi mbali, lakini unaua bakteria wa chunusi: bakteria hawa wana kemikali ziitwazo pofirini, ambazo zikipigwa na bluu hugeuka sumu kwao wenyewe.

Kwa hiyo mwanga una kazi. Unasaidia chunusi ndogo na za wastani, unatuliza ngozi iliyochokozeka, na baada ya miezi unapunguza mikunjo midogo. Hauondoi vichwa vyeusi. Haujazi mashimo ya chunusi. Hauponyi yale majipu makubwa ya kidevuni yanayokuja kila mwezi na siku zako, ambayo chanzo chake ni homoni. Wala haufanyi ngozi iwe nyeupe, na muuzaji akikwambia unang'arisha rangi, ondoka.

Kwa nini nakuonya kuhusu bluu

Zamani ilidhaniwa ni miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, peke yake inayotia ngozi weusi. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huwafanya watu wenye ngozi ya kahawia na nyeusi wakolee weusi, na weusi huo hukaa muda mrefu, wakati kwa ngozi nyeupe sana hautokei. Watafiti walipozitenganisha rangi, bluu ya nanomita 415 ndiyo iliyotia weusi. Nyekundu ya 630 haikufanya hivyo. Seli zetu zinazotengeneza rangi zina kipokezi cha mwanga kiitwacho opsini-3, na bluu ndiyo inayokiamsha.

Sasa fikiria mwenye chunusi na madoa meusi yaliyoachwa na chunusi. Anavaa barakoa ya bluu kila usiku. Chunusi zinapungua kweli, madoa yanakolea, na anabaki anajiuliza amekosea wapi. Kwa wengi wetu doa ndilo linalotutoa machozi kuliko kipele chenyewe. Kipele kinakwisha kwa wiki moja, doa linakaa miezi. Ndiyo maana kwangu bluu si ya kujifanyia nyumbani. Akikupangia daktari wa ngozi, kwa muda mfupi na kwa kukufuatilia, hilo ni jambo jingine. Na zile rangi nyingine kwenye rimoti, kijani, zambarau na maji ya bahari, sioni sababu ya kuzilipia.

Hatua ya kwanza: ijue shida yako

Kaa karibu na dirisha asubuhi, uso ukiwa umeoshwa na kukauka, uangalie kwa kioo kidogo. Usitumie taa ya bafuni, inadanganya.

Vipele vyenye ukubwa tofauti, vingine vyeusi kichwani, vingine vyekundu vyenye usaha, hizo ni chunusi. Vipele vidogo vinavyolingana, vimejaa kwenye paji la uso, vinawasha hasa ukitoka jasho, mara nyingi ni fangasi, na hali ya hewa yetu inaipenda sana. Mwenye hivi anaweza kujimulika mpaka mwaka uishe akaambulia patupu. Dawa yake ni ya fangasi, kama shampuu ya ketokonazoli, inayopakwa kwa dakika chache na kuoshwa. Muulize mfamasia namna ya kuitumia usoni. Vipele vilivyopanga mstari chini ya nywele, kwenye paji na pembeni, angalia mafuta ya nywele. Mafuta ya nazi ni mazuri kichwani na mwilini, lakini yakitiririka usoni kwa joto yanaziba vinyweleo. Wanaume wenye vipele shingoni na chini ya taya, hivyo ni vipele vya ndevu: nywele iliyokatwa chini sana inajikunja na kuingia tena kwenye ngozi. Mwambie kinyozi aache ndevu ziwe ndefu kidogo, asipitishe mashine ikigusa ngozi kabisa, uone mabadiliko kabla ya kununua chochote.

Halafu kuna mkorogo. Hapa nitasimama, kwa sababu hili ndilo linaloniumiza zaidi katika kazi hii. Krimu za kujichubua huwa na haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli. Serikali imepiga marufuku vipodozi vya aina hii, lakini bado vinauzwa kwa siri, na vingine vinachanganywa nyuma ya duka na kutiwa kwenye kopo lisilo na jina. Dalili zake nazijua nikikaa tu na mteja: mishipa midogo inaonekana mashavuni, uso unawaka akitoka juani, nywele laini zimeota pembeni, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Ngozi ya namna hii imekonda. Usiimulike, usiisugue, usiipake asidi yoyote. Na usikatishe steroidi ghafla peke yako, kwa sababu uso unaweza kulipuka vipele na kuwaka moto kwa wiki nyingi. Nenda hospitali, hapa mjini ni Bombo, mwoneshe daktari kopo lenyewe, na uombe rufaa ya daktari wa ngozi. Hakuna atakayekuchapa. Wanakutana na hali hii sana.

Hatua ya pili: kunawa

Osha uso kwa sabuni mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku. Ikibidi moja, iwe usiku. Sabuni ya kipande ya kufulia au kuogea ina magadi mengi kuliko ngozi inavyopenda. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na sabuni kali huuondoa, ukabaki na uso unaokaza. Tafuta sabuni ya maji ya uso isiyo na manukato makali. Ukikosa, sabuni ya mtoto isiyo kali itakusogeza.

Hapa kwetu wengi tunatawadha mara tano kwa siku, na watu huniuliza kama maji yale yanaharibu ngozi. Hayaharibu. Maji matupu ni mazuri, yanaondoa jasho na vumbi. Shida inaanza mtu anapotia sabuni kila mara, au anapojifuta kwa ncha ya kanga kwa nguvu mpaka ngozi inachubuka. Gusagusa kwa kitambaa safi, uache unyevunyevu, upake losheni kidogo.

Achana na limao usoni. Limao na jua pamoja huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi. Dawa ya meno juu ya kipele nayo inaunguza. Singo na liwa ni urembo wetu, wala sisemi zitupwe. Singo ibaki ya mwili, na usoni isisugue penye chunusi mbichi, kwa sababu chembe zake zinapasua vipele na kusambaza uchafu.

Hatua ya tatu: unyevu

Wenye ngozi ya mafuta huikimbia losheni, na hapo ndipo wanapokosea. Ngozi iliyokaushwa kwa sabuni na dawa inachokozeka upesi, na ikichokozeka inatia madoa. Kinachobadilika ni uzito wa losheni. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, hewa ya Tanga yenyewe imelowa. Losheni nyepesi ya majimaji yenye glisirini inatosha, hata ukipaka usiku tu. Kusi ikiingia, asubuhi zinakuwa na upepo na ngozi inavuta; ongeza losheni nzito kidogo. Mafuta ya mgando ni mazuri kwa midomo, viwiko na visigino. Usoni kwa mwenye chunusi, hapana.

Ukienda kuogelea Raskazone, jisuuze kwa maji yasiyo na chumvi ukitoka. Chumvi ikikaukia usoni inakaza na kuwasha, na mtu anaanza kujikuna.

Hatua ya nne: jua, kabla ya mwanga wowote

Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, na miezi mingine haliko mbali. Mawingu hayazuii UV yote, na mchanga pamoja na maji ya pwani vinarudisha sehemu ya miale usoni hata ukiwa kivulini. Kioo cha daladala kinazuia miale inayochoma (UVB) lakini kinapitisha ile inayotia weusi (UVA). Ndiyo maana dereva anaweza kuwa na shavu moja jeusi kuliko jingine.

Utasikia "sisi weusi hatuhitaji losheni ya jua". Melanini yetu inatukinga kweli, na makadirio yanayotajwa sana ni kwamba ngozi nyeusi ina kinga ya kama SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua). Kinga hiyo inapunguza sana hatari ya kuungua na saratani. Haitoshi kuzuia madoa. Mwenye madoa ya chunusi au melasma, ile mibaka ya mashavuni inayowapata sana kina mama wakati wa ujauzito, akikaa saa moja juani adhuhuri anafuta kazi aliyoifanya wiki nzima kwa krimu za bei ghali. Hata joto la jiko linaweza kuichochea melasma. Mama anayekaanga jioni asisogeze uso juu ya karai, na akiweza akae upande upepo unakotoka.

Anza na kivuli na nguo, havina gharama. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri tembea na mwavuli, tafuta upande wa mti, vaa kofia pana. Ushungi unafunika shingo na pembeni mwa uso, lakini paji, pua na mashavu yanabaki wazi. Na sisi ni watu wa baiskeli. Kofia ya kawaida yenye mdomo mbele inaacha masikio na mashavu, kwa hiyo mwendesha baiskeli ndiye anayehitaji losheni kuliko wengi.

Losheni yenyewe iwe SPF 30 au zaidi, na kopo liandikwe kwamba inazuia UVA na UVB. SPF 30 inazuia karibu asilimia 97 ya miale ya UVB na SPF 50 asilimia 98, kwa hiyo usijibane kununua 100. Kipimo ndicho kinachotuangusha. Kamua mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada na mmoja kwenye cha kati, urefu wa kidole kizima, na hiyo yote iishie usoni na shingoni. Watu wanapaka tone la punje ya harage, kisha wanasema haifanyi kazi. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kwa wanaoswali, wakati unajipanga wenyewe: ulichopaka asubuhi kinatoka kwa maji ya adhuhuri, basi ukimaliza kuswali paka upya, na baada ya alasiri paka tena kama bado una safari ya nje.

Zile zinazoacha uso wa majivu zina zinki au titani nyingi nyeupe. Kwa mwenye madoa au melasma, tafuta yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi ya chuma. Hii ndiyo inayozuia hata ule mwanga wa bluu niliousema juu, ambao losheni za kawaida haziuzuii vya kutosha.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino, losheni ya jua ni kinga ya uhai. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinatengeneza losheni iitwayo Kilisun kwa ajili yao hasa. Ulizia kupitia kliniki ya ngozi au chama cha watu wenye ualbino.

Hatua ya tano: dawa moja, si tano

Ukishazoea kunawa, unyevu na losheni ya jua kwa mwezi mzima, ongeza dawa moja. Kwa vichwa vyeusi na mafuta, asidi ya salisiliki. Kwa chunusi zenye usaha, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, ile ya 10 inachubua bila faida kubwa ya ziada, na angalia mito, inapausha vitambaa. Kwa chunusi pamoja na madoa, asidi ya azelaiki ndiyo ninayoipenda kwa ngozi yetu, na mjamzito huweza kuitumia kwa ushauri wa daktari wake. Niasinamidi inatuliza na haina ugomvi na mtu. Adapalini na retinoli hupakwa usiku tu, usiku mbili au tatu kwa wiki mwanzoni, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, na mjamzito asiziguse.

Ijaribu dawa mpya nyuma ya sikio au chini ya taya kwa siku chache kabla ya kuipaka uso mzima. Kisha ipe wiki 8 mpaka 12. Anayebadilisha kila wiki hatajua kipi kilimsaidia na kipi kilimuunguza.

Hatua ya sita: kununua taa

Ukifika hapa na bado unaitaka taa, sasa ina msingi wa kukalia. Vitu vya kuangalia ni vichache lakini usivikubali kwa maneno matupu.

Kwanza nanomita ziandikwe. Kijana aliniletea barakoa moja saluni, nikaigeuza nyuma: kibandiko kilisema "taa nyekundu, taa ya bluu, taa ya uzuri", basi. Hakuna namba hata moja. Nyekundu isiyotajwa namba inaweza kuwa taa ya mapambo tu. Unataka 630 mpaka 660, na kama ina 830 ni nyongeza nzuri.

Pili, nguvu yake kwa kila sentimita ya mraba, inayoandikwa kwa miliwati. Ukiijua unaweza kupiga hesabu mwenyewe: zidisha miliwati kwa sekunde, gawa kwa 1,000, unapata jouli. Kifaa cha miliwati 30 kwa dakika 10 ni 30 mara 600, sawa na jouli 18 kwa sentimita ya mraba. Kikiwa cha miliwati 3 itakubidi ukae saa nzima na dakika arobaini upate kiasi kile kile, na hapo unakuwa umenunua kero.

Tatu, uweze kuzima bluu ukabaki na nyekundu. Barakoa nyingine huwasha bluu na nyekundu kwa pamoja bila kukupa hiari. Usichukue.

Nne, macho. Iwe na vizibo vya kuzuia mwanga au miwani yake. Mwaka 2019 kampuni kubwa ya vipodozi, Neutrogena, iliziondoa sokoni barakoa zake za mwanga kwa tahadhari kuhusu macho ya watu wenye magonjwa fulani ya jicho na wanaotumia dawa fulani. Ikiwa kampuni ya ukubwa ule ilirudi nyuma, nawe vaa miwani.

Taa nyekundu ya kulelea vifaranga si tiba ya ngozi, hata kama inatoa mwanga mwekundu na infraredi. Kazi yake ni joto, ina wati 250 mara nyingi, na itakuunguza. Nimeisema kwa sababu nimeulizwa. Vilevile usichanganye LED na taa za UV za hospitalini zinazotibu vitiligo na soriasisi. Hizo ni dawa kamili, zinapimwa na daktari.

Na ujue pa kuulizia. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango, dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Muuzaji anayekwambia kifaa chake "kinatibu" aulizwe kimesajiliwa wapi.

Hatua ya saba: kuitumia

Wiki mbili za kwanza mulika sehemu ndogo tu, pembeni mwa taya, mara tatu kwa wiki. Piga picha siku ya kwanza na ya mwisho, dirisha lile lile, saa ile ile. Pakiwa peusi kuliko upande wa pili, simamisha. Pakiwa sawa, endelea uso mzima.

Usiku nawa uso, kausha, usipake kitu. Losheni ya jua na vipodozi vyenye rangi vinazuia mwanga, na mafuta yanaweza kuuchokoza uso chini ya plastiki yenye joto. Vaa vizibo vya macho, lala chali au kaa, mulika dakika 10. Mara tatu mpaka tano kwa wiki zinatosha. Kuongeza muda hakuongezi faida: kiwango cha mwanga kikipita kiasi, seli huacha kuitikia, na joto la barakoa kwa mwenye melasma ni la kuogopwa. Ukihisi uso unapata moto, toa hata kama dakika hazijaisha.

Ukimaliza, paka dawa yako ya usiku, kisha losheni. Retinoli na adapalini zipakwe baada ya mwanga, kamwe si kabla, na usiku ambao uso umechubuka acha vyote viwili. Ukipenda kutenganisha mwanga na dawa, kwa mfano, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ziwe za mwanga na losheni tu. Jumanne na Jumamosi ziwe za dawa. Alhamisi na Jumapili uso upumzike kwa kunawa na losheni. Umeme ukikatika siku ya mwanga, usilipize kwa dakika 20 kesho yake.

Wapo wasiopaswa kujimulika bila daktari: mwenye lupasi au pofiria, mwenye ualbino, mwenye ugonjwa wa retina, mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga, na mwenye doa au kidonda usoni ambacho hakijajulikana ni nini. Pia anayekunywa dawa zinazoongeza ukali wa mwanga kwenye ngozi. Hizi ni nyingi kuliko watu wanavyodhani: doksisaiklini, inayotolewa kwa chunusi na kwa maambukizi mengine; griseofulvini ya fangasi; siprofloksasini; haidroklorothiazidi ya presha, ambayo kina mama na kina baba wengi wa umri mkubwa wanaitumia kila siku; na isotretinoini. Beba dawa zako zote uende kwa mfamasia, umuulize moja moja. Mjamzito angoje, au aulize kliniki.

Kuitunza barakoa pwani

Hewa yetu ya chumvi inakula chuma na nyaya. Ukimaliza kuitumia, ifute kwa pamba yenye spiriti kidogo upande unaogusa uso, iache ikauke, iweke kwenye mfuko wenye kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja ndani ya viatu vipya. Usiiache ikichaji juu ya godoro. Usiiazime: chunusi haziambukizi, lakini fangasi, malengelenge ya mdomo na ukurutu wa bakteria vinapita vizuri kabisa kwenye plastiki yenye jasho. Ukienda saluni, waangalie wakiifuta mbele yako, na kama hawana spiriti mezani, waambie wakufanyie huduma nyingine.

Hesabu wiki 12 tangu siku ya kwanza ya uso mzima. Linganisha picha. Kama vipele vimepungua na madoa hayajakolea, punguza mpaka mara mbili kwa wiki uendelee. Kama hakuna kilichobadilika, acha kujimulika, endelea na losheni ya jua na dawa yako moja, na upange siku ya kumwona daktari wa ngozi ukiwa na zile picha kwenye simu.